Siku moja Angkor kwa usafiri wako mwenyewe: saa, malango na bei

Ukikodi usafiri wako mwenyewe kwenda mahekalu ya Angkor, unapata faida kubwa mbili: unachagua saa ya kufika na unachagua lango la kutokea. Mabasi ya vikundi hufuata mzunguko mmoja, ndiyo maana mamia ya watu hubanana kwenye mlango uleule saa ileile, ilhali hekalu la jirani halina mtu. Dereva wako anaweza kukupitisha kinyume cha mkondo huo, ila hatajua unataka hivyo mpaka umwambie. Usipompangia, atakupeleka njia ya kila siku, na pesa ya ziada uliyolipa itakuwa imekwenda bure.

Mwongozo huu ni wa siku moja kutoka mji wa Siem Reap, Kamboja, na unashika mahekalu manne: Angkor Wat, Ta Prohm, Preah Khan na Bayon. Mzunguko mdogo wa Angkor una kilomita 17 na mkubwa una 26, na wapo madereva watakaokwambia kwamba siku moja inatosha mahekalu manane au tisa. Inatosha kuyapita, haitoshi kuyaona. Kwenye joto la nyuzi 34, baada ya hekalu la tano macho huwa yameshachoka na kila ukuta unafanana na uliotangulia. Manne yaliyopangwa vizuri yanakupa kazi za wafalme wawili, Suryavarman II aliyejenga Angkor Wat nusu ya kwanza ya karne ya 12, na Jayavarman VII aliyejenga hayo mengine matatu mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa ile ya 13.

Saa zote humu zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili na ni za Kamboja, ambako wako saa nne mbele ya Afrika Mashariki. Dereva mwandikie 04:30, usimwandikie 10:30, la sivyo atakuja jua likiwa juu.

Tiketi, jioni ya kuamkia safari

Tiketi ya siku moja ni dola 37 za Marekani. Ya siku tatu ni 62, na siku hizo unaweza kuzitawanya ndani ya siku 10. Ya siku saba ni 72. Dola 2 za kila tiketi huenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, ambazo hutibu bila malipo. Watoto wasiotimiza miaka 12 hawalipi, lakini lazima pasipoti yao ionekane, kwa hiyo ibebe.

Muuzaji ni mmoja tu, Angkor Enterprise, kwenye tovuti yake au kwenye ofisi yake kubwa iliyo kilomita chache nje ya mji. Hakuna tiketi inayouzwa kwenye malango ya mahekalu. Tiketi hubeba picha ya uso wako, ndiyo maana haiazimishwi wala kununuliwa mitaani, na hukaguliwa upya karibu kila hekalu. Ukiiweka chini kabisa ya begi utalifungua na kulifunga mchana kutwa, iweke mfukoni.

Ofisi hufunguliwa saa 11:00 alfajiri na kufungwa saa 11:30 jioni. Kosa linaloharibu asubuhi za wengi ni kwenda kununua tiketi alfajiri ileile ya kutazama macheo. Foleni huwa ndefu, na ukitoka hapo mbingu imeshaanza kubadilika rangi nawe bado uko mbali na hekalu. Tiketi inayonunuliwa kuanzia saa 11:00 jioni huandikwa tarehe ya kesho yake, tena inakuruhusu kuingia jioni hiyohiyo. Nenda saa hiyo, kisha mwambie dereva akupeleke Pre Rup, hekalu la mwaka 961 ambalo hukaa wazi mpaka saa 1:00 usiku. Utakuwa umeona machweo bila kuigusa siku yako kamili.

Chombo na makubaliano

Chombo cha kawaida ni kile wenyeji wanachokiita tuktuk au remork: kibanda chenye paa kinachokokotwa na pikipiki. Kina nafasi ya watu wawili kwa raha, wanne kwa kubanana. Kwa njia ya mwongozo huu, ambayo huchanganya mzunguko mdogo na kipande cha ule mkubwa na kuanza alfajiri, tegemea dola 20 hadi 25 kwa siku. Gari dogo lenye kiyoyozi hufika dola 35 hadi 50. Tuktuk inatosha kabisa kwa wasafiri wengi: mahekalu yako karibukaribu, barabara ina miti pande zote, na upepo wa mwendo unapoza. Chukua gari kama una mtoto mdogo, mzee, au mtu mwenye pumu, maana miezi ya kiangazi vumbi ni jingi.

Bei ni ya chombo, si ya kichwa. Hakikisha hilo limesemwa wazi, kisha mwandikie dereva ujumbe wenye mambo haya:

1. Saa ya kuondoka hotelini, 04:30.
2. Majina ya mahekalu manne kwa mpangilio wake.
3. Kila hekalu utashukia lango gani na utachukuliwa lango gani. Hili ndilo watu husahau.
4. Hakuna kusimama dukani wala kwenye karakana za vinyago. Maduka hayo humlipa dereva kamisheni, na kila kituo hula nusu saa.
5. Bei nzima, na kwamba italipwa mwisho wa siku.

Ukishuka mara ya kwanza, piga picha namba ya chombo na uso wa mbele wa paa. Nje ya Angkor Wat huegeshwa tuktuk nyingi zinazofanana, na dereva aliyelala kwenye bembea yake hatakuona ukipita. Laini ya simu ya hapo nchini yenye intaneti hugharimu dola chache na huokoa muda mwingi.

Dereva si mwongozaji. Ndani ya mahekalu kazi ya kueleza ni ya waongozaji wenye leseni ya Wizara ya Utalii, na dereva hukungoja nje. Mwongozaji wa Kiingereza hulipwa takriban dola 35 hadi 50 kwa siku. Kama pesa inatosha kwa kimoja tu, kati ya gari na mwongozaji, chukua tuktuk na mwongozaji. Nakshi za Angkor ni hadithi zilizochongwa kwa mfululizo, na asiyezijua atapita mbele ya mita 49 za kazi bora kabisa akidhani ni mapambo.

Mavazi na begi

Mabega na magoti yafunikwe. Ghorofa ya juu kabisa ya Angkor Wat, iitwayo Bakan, walinzi ni wakali kwelikweli: kanga au mtandio uliotupiwa begani juu ya blauzi isiyo na mikono haukubaliwi. Vaa nguo yenye mikono tangu hotelini. Kofia huvuliwa huko juu. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Ngazi ni nyembamba na jiwe limelainishwa na miguu ya karne nane.

Kwenye begi weka maji lita 3 kwa kila mtu (dereva wengi huja na kisanduku cha barafu, uliza), paketi mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, tochi ya alfajiri, dawa ya mbu na noti ndogo za dola. Dola na riel, pesa ya Kamboja, hutumika pamoja, riel 4,000 hivi kwa dola moja, na chenji ndogo hurudishwa kwa riel. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa, kwa hiyo ikague kabla ya kuipokea.

Chakula kwa Waislamu kinataka kufikiriwa mapema. Vibanda vya kando ya mahekalu hupika nguruwe na samaki kwenye karai moja. Siem Reap ina jamii ya Waislamu wa Kicham, kabila dogo la Kamboja, na karibu na msikiti wao mjini ipo migahawa ya halali. Fungasha wali na kuku jioni, au beba mikate, mayai na matunda.

Saa 10:30 alfajiri mpaka saa 2:00: Angkor Wat

Shukia upande wa magharibi. Mahekalu mengi ya Wakhmer, watu wa Kamboja walioijenga Angkor, hutazama mashariki. Hili hutazama magharibi, ndiyo maana jua huchomoza nyuma ya minara yake na umbo lake huonekana jeusi kwanza kabla ya kupata rangi. Handaki la maji linalolizunguka lina upana wa mita 190, na utalivuka gizani kwa tochi.

Ndani kuna vidimbwi viwili mbele ya hekalu. Umati hukusanyika kile cha kushoto, yaani cha kaskazini, kwa sababu picha maarufu hupigwa hapo. Ukitaka mstari wa mbele fika saa 11:00 kamili lango linapofunguliwa. Ukitaka utulivu, nenda cha kulia. Juni jua huchomoza kabla ya saa 12:00. Januari karibu na saa 12:30. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, mtu aliyesimama kwenye njia ya katikati huliona jua likipanda juu ya ncha ya mnara mkuu wenye urefu wa mita 65.

Jua likishatoka, watu wengi hugeuka kurudi kwenye vibanda vya chai. Hapo ndipo wewe unaingia. Una saa nzima hivi ambapo kumbi ndefu za nakshi huwa karibu tupu.

Ingia kwa magharibi na ugeukie kulia, ukuta ukiwa kushoto kwako, uende kinyume cha mwendo wa saa. Huo ndio mwelekeo wa nakshi zenyewe. Kwanza vita vya Kurukshetra, vya utenzi wa Kihindu Mahabharata, majeshi mawili yakikutana katikati ya ukuta na maiti zikirundikana chini. Ukikata kona utamkuta Suryavarman mwenyewe amekaa, kisha tena juu ya tembo, akizungukwa na miavuli ya ufalme. Baadaye mbingu na moto wa jehanamu, watu wakiburutwa kwa kamba zilizopitishwa puani.

Kona inayofuata inakuleta upande wa mashariki, kwenye kusukwa kwa Bahari ya Maziwa, hadithi ya Kihindu ya miungu na majitu wanaoisuka bahari kama maziwa, na hapa simama hata kama muda umebana. Majitu 92 upande mmoja na miungu 88 upande wa pili wanavuta nyoka aliyezungushwa kwenye mlima, mungu Vishnu akiwa katikati, na mlima umekaa juu ya kobe. Wengi hutazama watu tu. Inama utazame chini, kwenye maji: kuna samaki, mamba na viumbe vya ajabu, na kadiri unavyokaribia katikati ndivyo samaki wanavyokuwa vipandevipande, wamekatwa na nguvu ya mkondo. Mchongaji aliufanyia kazi mkondo wa maji kwa kuonyesha unavyowatenda samaki. Asubuhi mwanga huingia kwa mshazari kutoka mashariki na kila gamba huonekana. Usiguse, sehemu zile zinazong'aa kama zimepakwa mafuta zimefanywa hivyo na mikono ya watu.

Kutoka hapo una uamuzi. Bakan hufunguliwa asubuhi jua likiwa limeshapanda, huruhusu watu 100 kwa wakati mmoja, haipokei watoto chini ya miaka 12, na hufungwa siku takatifu za Kibudha, takriban nne kila mwezi, zikifuata mwezi. Ukiwa kati ya wa mwanzo kwenye foleni, panda. Ngazi ni kali lakini ina reli. Foleni ikiwa imeshazunguka ua, iache. Saa nzima ya kusimama juani ni bei kubwa mno.

Toka kwa lango la mashariki. Njia yake ni ya udongo chini ya miti, na watu wanaoipita ni wachache. Hapa ndipo mpango huharibika mara nyingi: dereva aliyekushusha magharibi hukungoja magharibi, nawe uko upande wa pili wa hekalu lenye handaki la zaidi ya kilomita tano kuzunguka. Mtumie ujumbe ukiwa bado kwenye Bahari ya Maziwa.

Asubuhi: Ta Prohm

Hekalu hili hufunguliwa saa 1:30. Ukiiacha Bakan unaweza kuwa mlangoni saa hiyohiyo. Ukipanda, utafika saa 2:15 au hapo karibu, bado mapema kuliko vikundi vingi. Kunywa chai kwanza kwenye bwawa la Srah Srang lililo jirani, kama tumbo linadai.

Ta Prohm iliwekwa wakfu mwaka 1186 kwa heshima ya mama wa Jayavarman VII. Maandishi ya jiwe lake yanataja watu 12,640 waliokuwa wakiishi ndani ya kuta. Leo wanaoishi humo ni miti, mizizi yake ikiwa imemwagika juu ya paa na kushuka ukutani. Miti hiyo hubomoa na kushikilia kwa wakati mmoja: mzizi hupasua maungio ya mawe, kisha mzizi huohuo huzuia ukuta usianguke. Mti ukifa, jengo huwa hatarini. Ndiyo maana utaona nguzo za chuma na njia za mbao. Usitoke nje ya njia hizo, na usikae kwenye mzizi ili upigwe picha.

Ingia lango moja utokee la pili, dereva azunguke. Dakika 75 zinatosha.

Mchana: kivuli kwanza

Ukitoka Ta Prohm elekea Angkor Thom, mji wa kale wenye kuta ambao Bayon iko katikati yake, kupitia Lango la Ushindi. Kama miguu bado ina nguvu, panda Baphuon kabla ya saa 5:00. Mafundi walilipanga upya hekalu hilo kutoka mawe yapatayo 300,000, baada ya kumbukumbu za mpangilio wake kuteketea enzi za Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala Kamboja kuanzia 1975 hadi 1979, na kazi ilikamilika mwaka 2011. Bayon usiingie sasa, hata ukiiona mbele yako. Huu ndio wakati vikundi vyote viko humo.

Kuanzia saa 5:00 mpaka saa 7:30 kaa. Kula, lala kwenye bembea ya kibanda, kunywa paketi moja ya chumvichumvi. Machi mpaka Mei joto la mchana linaweza kumwangusha mtu mzima mwenye afya. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, jasho jingi na hasira zisizo na sababu. Anayezionyesha apelekwe kivulini na apozwe kwa maji. Asipopata nafuu haraka, akiacha kutoka jasho au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

Saa 8:00 nenda Preah Khan, lililowekwa wakfu mwaka 1191 kwa ajili ya baba wa mfalme huyohuyo. Lina miti mingi na korido ndefu, kwa hiyo jua halikupati moja kwa moja. Pita magharibi mpaka mashariki, kisha utafute jengo dogo la ghorofa mbili lenye nguzo za duara upande wa kaskazini mashariki. Nguzo za namna hiyo ni nadra sana katika ujenzi wa Kikhmer.

Saa 9:45 alasiri mpaka machweo: Bayon

Sasa vikundi vinahamia kilima cha Phnom Bakheng kutafuta machweo, ambako huruhusiwa watu 300 tu kwa wakati mmoja na foleni huanza mapema. Waache. Bayon ya saa 10:00 jioni ina nafasi, na mwanga wa magharibi unapiga nyuso kubwa za mawe kwa pembeni, midomo na kope zikapata kivuli.

Anzia chini. Ingia mashariki, geukia kushoto kwenye ukumbi wa nje. Baada ya safu ya jeshi utakuta, upande wa kusini, vita vya majini kati ya Wakhmer na Wacham. Chini ya mashua hizo wachongaji waliweka maisha ya kawaida: wanawake sokoni, watu wamezunguka majogoo wanaopigana, wapishi na masufuria yao. Ni picha adimu za watu wa kawaida wa karne ya 12 na 13, maana nyumba zao zilikuwa za mbao na hazikubaki. Kisha panda juu kwenye nyuso.

Malizia kwa Lango la Kusini la Angkor Thom, lenye safu ya miungu 54 upande mmoja wa daraja na majitu 54 upande wa pili. Vuka kwa miguu, dereva akusubiri ng'ambo.

Mambo yanayokwamisha

Nyani wadogo wa hapo wamezoea chakula na huuma. Usiwalishe, usifungue mfuko wa plastiki mbele yao, na ukiumwa au kukwaruzwa osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ndani ya mahekalu mtu anaweza kukushikisha udi au kukufunga uzi mkononi. Ukipokea, utadaiwa sadaka. Ukikataa kwa tabasamu na viganja pamoja kifuani, huachwa. Watoto wanaouza kadi usinunue kwao, hata wakikusihi, kwa sababu kila dola huwaweka nje ya darasa. Mwanamke asimguse mtawa wa kiume wa Kibudha wala kumpa kitu mkono kwa mkono.

Mvua hunyesha Mei mpaka Oktoba, zaidi mchana. Panga upya: Bayon saa 1:30 asubuhi badala ya jioni, Ta Prohm baada yake, na mchana uwe huru. Jiwe lenye ukungu wa kijani huteleza vibaya. Beba koti la mvua, mwavuli utakusumbua kwenye korido. Novemba mpaka Februari ndiyo miezi ya hewa nzuri na umati mkubwa.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Unaweza kuulizwa uwanjani. Uwanja mpya wa Siem Reap, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko karibu saa nzima kutoka mjini, kwa hiyo usipange ndege ya jioni siku hiihii. Mapigano ya mwaka 2025 yalifunga mipaka ya nchi kavu na Thailand: ingia kwa ndege, na hekalu la Preah Vihear lililo mpakani lisiwe kwenye orodha.

Ukiwa na siku ya pili, ipe Banteay Srei, hekalu dogo la jiwe jekundu la mwaka 967, kilomita 37 hivi kutoka mjini. Linatazama mashariki na hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Kwa umbali huo chukua gari, na mlipe dereva wa jana kwanza haki yake: bei mliyokubaliana, na dola 3 hadi 5 juu yake kama alikuwepo kila lango mliloagana.